Pilau ya watoto imegeuka ugomvi wa wazazi. Tuifute?

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu mlezi katika kituo cha kulelea watoto mchana, huku upande wa Temeke, Dar es Salaam. Tuna watoto thelathini na kitu, wa miaka miwili hadi mitano. Mtaa wetu ni kama mitaa mingi ya huku: msikiti hapa, kanisa pale, na nyumba moja unakuta vyumba viwili wanafunga Ramadhani, cha tatu wanafunga Kwaresima, wote wanagombania kivuli kimoja cha uani.

Kituo kilianzishwa na mama mmoja mtu mzima, sasa ni marehemu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Bibi. Yeye ndiye aliyeanzisha jambo ninalokuandikia. Kila Desemba, siku chache kabla ya kufunga kituo, watoto walikula pilau pamoja. Mikeka inatandikwa chini ya mwembe, watoto wananawishwa, wanakaa watano watano kuzunguka sinia. Wazazi walileta walichojaliwa: huyu nusu kilo ya mchele, huyu viazi, huyu vitunguu, mwingine kopo la mkaa, na asiye na kitu alikuja asubuhi kuchambua mchele na kusugua masufuria. Nyama alinunua Bibi mwenyewe kwa muuza nyama yuleyule wa siku zote, kila mtu anajua nani kachinja. Hakuna aliyeiita Krismasi. Ilikuwa pilau ya Bibi, basi.

Bibi alipofariki, kituo kikachukuliwa na binti yake, ambaye ndiye bosi wangu. Ni mtu mzuri na ana maendeleo. Kapaka rangi, kaleta bembea, kaweka matanki ya maji. Wazazi wenye uwezo wameanza kuleta watoto. Ikaundwa kamati ya wazazi, na kamati ikasema mambo ya kubebeana mchele kwenye mifuko yamepitwa na wakati, tuchange fedha. Tulianza na elfu kumi. Mwaka jana ikawa elfu ishirini na tano. Zikaongezeka keki, soda, soseji na mpiga picha, na baba mmoja akajitolea kuvaa nguo za Baba Krismasi agawe zawadi. Tangazo la kwenye grupu la WhatsApp likaandikwa "Sherehe ya Krismasi ya Watoto". Mweka hazina alikuwa anatuma orodha kila jioni: aliyelipa ana tiki, asiyelipa jina lake limebaki peupe.

Siku ya sherehe watoto saba hawakuja. Wanne ni wa familia za Kiislamu, watatu za Kikristo. Baba mmoja Mwislamu alinipigia simu kwa upole akasema yeye na pilau hawana ugomvi, ila mtoto wake asivalishwe kofia nyekundu. Mama mwingine ni Shahidi wa Yehova, na alishatuambia siku anamwandikisha mtoto kwamba wao hawasherehekei Krismasi. Hao wengine hawakusema kitu cha kueleweka.

Kilichoniuma zaidi ni mtoto nitakayemwita Zawadi. Mama yake ni rafiki yangu, mlokole, anaimba kwaya, asubuhi anauza chapati na mihogo ya kukaanga karibu na kituo cha daladala. Siku ile alinitumia ujumbe kwamba mtoto ana homa. Jumatatu Zawadi kaja mzima kabisa, anakuta wenzake wanasimulia, akanivuta kanga akaniuliza, "Mwalimu, na pilau yangu iko wapi?" Nilikosa la kumjibu, nikampeleka kwenye bembea.

Sasa Jumamosi ijayo kuna kikao cha wazazi, na bosi kaniambia nimpelekee pendekezo. Kamati inataka mwaka huu iwe elfu thelathini na tano, mpishi wa kukodi alete chakula, kila mtoto na boksi lake, sinia basi. Baadhi ya wazazi wameniambia pembeni kwamba kama kuna Krismasi basi na Idi ifanyike, maana Idi imepita hatukufanya chochote. Mwenzangu anayefundisha kituo kingine ananiambia nifute kabisa, ati chakula cha watoto na dini havikai chungu kimoja. Na mimi ni Mwislamu. Nikisema hilo jina la Krismasi litolewe, nitaambiwa naingiza dini yangu kwenye kazi ya watu. Nikinyamaza, namwona Bibi.

Tatizo ni dini, mama, na dini mimi siiwezi. Je, tuifute?

Mwalimu Njia Panda,
Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole na kazi. Kunyamazisha watoto thelathini ni kazi, na sasa umeongezewa wazazi wao.

Nimesoma barua yako, kisha nikairudia nikiwa na kalamu mkononi. Nikueleze nilivyoielewa. Mlikuwa na chakula cha pamoja ambacho kila nyumba ilikiona ni chake. Kimekua, kimepata kamati, bajeti, jina na mpiga picha, na kadiri kinavyokua watoto wanapungua mkekani. Bosi anataka ushauri wako, kamati imeshaamua lake, wazazi wengine wanakunong'oneza, na wewe unaogopa kwamba lolote utakalosema litapimwa kwa dini yako. Katikati yupo Zawadi anadai pilau yake.

Umesema tatizo ni dini. Hapo ndipo nilipotumia kalamu. Watoto saba hawakuja, na katika wazazi wa hao saba wawili tu ndio waliotoa sababu ya dini: baba wa kofia na mama Shahidi wa Yehova. Watano wamenyamaza, au wamesema homa, na kimya chao umekitafsiri wewe. Inawezekana umekitafsiri sawasawa. Lakini mama Zawadi ni mwanakwaya. Krismasi yeye anaisubiri mwaka mzima, na pengine nguo ya kwaya ya siku hiyo ndiyo inayommalizia akiba. Huyo amekimbia nini?

Hebu jikumbushe mwenyewe, watoto walianza kukosekana lini? Miaka ya nusu kilo ya mchele, au baada ya hapo? Sijui jibu, wewe ndiye uliyekuwepo. Ninachojua ni kwamba kwa mwanamke anayeamka usiku kukanda unga, elfu ishirini na tano si mchango wa sherehe. Ni mtaji. Ni ngano, mafuta na mkaa wa siku kadhaa. Akiutoa, biashara inalala. Asipoutoa, jina lake linabaki peupe kwenye simu za wazazi wote kila jioni, na hao wazazi wengine ndio wateja wake wa chapati asubuhi. Homa ya mtoto hapo inakuja yenyewe, mwanangu.

Ile orodha mimi imenisumbua kuliko Baba Krismasi. Mweka hazina bila shaka aliituma kwa nia njema, ndivyo tulivyozoea kwenye harusi na misiba, kila mtu aone hela inakokwenda. Lakini mtu mzima akikosa mchango wa harusi, yeye mwenyewe ndiye anayekosa kadi. Hapa anayekosa ni mtoto wa miaka mitatu ambaye hajui kuna grupu.

Wakati huohuo sitaki ukatoke hapa ukasema mama mshauri kasema ni hela tu. Sijui kama ni hela tu. Huenda hata homa ilikuwa ya kweli, watoto hupona Jumapili wakaamkia bembea Jumatatu. Nasema kwamba umefunga faili mapema, na ukienda kikaoni na sababu moja utarudi na ugomvi mmoja.

Tuje kwenye dini yenyewe, maana nayo ipo. Yule baba amekuambia wazi kwamba hana ugomvi na pilau. Amekubali chakula, amekataa vazi na kinachosherehekewa. Mama Shahidi wa Yehova naye amekataa Krismasi, lakini sijaona mahali ulipomuuliza kama angekataa pia watoto kula pamoja siku ya kufunga kituo, bila kofia na bila jina. Labda atakataa, na hiyo ni haki yake. Labda anashangaa kwa nini hakuna anayemuuliza. Mara nyingi tunadhani kumheshimu mtu wa imani nyingine ni kumwacha na msimamo wake tuliousikia siku ya kwanza, tusiurudie tena. Kumbe kuuliza nako ni heshima.

Bibi wenu, kwa nilivyomsoma, alikuwa na akili ya watu wa uani. Nyumba zetu za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zimelea watu namna hiyo: Idi sahani zinatoka chumba cha Waislamu zinavuka uani zimefunikwa kawa, Krismasi zinarudi zile zile zina kitu ndani, na hakuna aliyewahi kuitisha kikao. Angalia suala la nyama. Nchi hii tumezoea kitoweo cha shughuli kichinjwe na Mwislamu ili kila mtu ale, na mazoea hayo si madogo. Mwaka 2013 kule Geita na Mwanza watu walipoanza kubishania nani achinje, mambo yalifika mahali pabaya hadi mchungaji mmoja akauawa Buseresere. Bibi hakuhutubia. Alikwenda kwa muuza nyama anayejulikana, akamaliza. Huyo mpishi wa kukodi wa kamati ataulizwa swali hilohilo, na ni afadhali aulizwe wiki hii kuliko mzazi kulikumbuka boksi likiwa limeshafunguliwa. Pia kuna Wakristo wengine, hasa baadhi ya walokole, wanaoona ukakasi kula kilichosomewa dua ya upande wa pili. Nao waulizwe. Kuuliza kusiwe kwa dini moja tu.

Kikaoni atatokea mtu na Sura ya Al-Maida, aya ya 5, na mwingine atamjibu kwa Wakorintho wa Kwanza, sura ya 8. Zote mbili zinazungumzia chakula, na zote zina wafasiri wazuri kuliko mimi na wewe. Usikubali kikao cha deikea kigeuke darsa.

Sasa njia zilizopo. Nitazipitia kama nionavyo, na hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Kufuta. Mwenzako anaiona ndiyo njia salama, hakuna atakayeudhika. Mimi sina hakika. Wenye uwezo watawafanyia watoto wao sherehe majumbani, keki itakatwa, picha zitapigwa, na Januari watoto watasimuliana vilevile, tofauti ni kwamba mkeka wa pamoja haupo tena. Na wapo watoto ambao pilau ya nyama si kitu cha kila mwezi. Ukifuta, hao ndio wanaolipa. Ila kufuta kuna sifa moja: kunaweza kuwapa watu mwaka wa kupoa. Kama kikao kimeshachafuka, kupumzika mwaka mmoja si dhambi. Hatari yake ni kwamba kitu cha watoto kikilala mwaka mmoja, wanaokumbuka kilivyokuwa wanapungua, na watoto wenyewe wanaondoka.

Kufanya Krismasi na Idi, zote. Inavutia, ni haki sawa kwa mizani. Lakini fikiria utekelezaji. Kalenda ya mwezi hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2000 Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi, pilau moja ingetosha zote. Miaka hii ya karibuni Ramadhani imekuwa ikikutana na Kwaresima. Kwa hiyo sherehe zenu zitakuwa zinahama, na siku ya Idi yenyewe kituo kimefungwa, mtafanya kabla au baada. Hilo linawezekana. Kubwa kuliko hilo ni michango: kama moja imewashinda watu, mbili zitawafanyaje? Na yule mama Shahidi wa Yehova mtamwambia nini, sikukuu yake ni ipi? Mkianza kuhesabu sikukuu za kila nyumba hamtamaliza. Wapo wanaoipenda njia hii hata hivyo, kwa sababu mtoto anajifunza jina la sikukuu ya jirani yake mapema, na hilo nalo lina thamani. Silipuuzi.

Kubadili tarehe. Kuna wanaohamishia sherehe za watoto Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka watoto wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Haina kanisa wala msikiti. Lakini Desemba ya kituo ina sababu yake nyingine ambayo naona mmeisahau: Januari wale wa miaka mitano wanakwenda shule. Pilau ya Bibi, hata kama hakusema, ilikuwa ya kuwaaga. Ukiipeleka Juni, unawaaga nani? Ila sababu hiyo hiyo inaweza kukusaidia: kuaga wakubwa si Krismasi wala si kuipinga Krismasi, na mwalimu Mwislamu akilitaja hawezi kuambiwa analeta msikiti. Hatari yake? Wazazi Wakristo wengine watahisi wamenyang'anywa sikukuu yao kwa ujanja wa jina. Hilo utalisikia, na usilidharau, kwa sababu wao hawajakosea kuipenda Krismasi. Pengine wanachoomba ni wimbo mmoja tu. Sijui. Waulize.

Maboksi ya mpishi wa kukodi. Ukitoa bei, si wazo baya kama linavyosikika. Kila mtoto anapata sawa, mwenye mzio wa karanga au mayai anawekewa lake, na mwepesi wa kula hamalizi sehemu ya mzito. Baada ya kipindupindu cha mwaka 2015 na Korona ya 2020, kuna wazazi ambao mikono mitano kwenye sinia moja inawatia hofu, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Kinachopotea ni kile kinachofundishwa na sinia: kula mbele yako, kusogeza nyama kwa mwenzako, kungoja. Mtoto mwenye boksi anafundishwa kulinda boksi. Kuna njia ya katikati, sahani ndogo kila mtoto kwenye mkeka uleule, mlezi mmoja anapakua kutoka sinia. Au sinia kwa wale wa miaka minne na mitano, sahani kwa wadogo. Haya ni mambo ya kujaribu, hayahitaji katiba.

Kurudi kama zamani. Najua moyo wako uko hapa, umeandika habari za mwembe na mikeka kwa mapenzi kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua. Lakini nikuulize taratibu: una hakika zamani ilikuwa sawa kwa wote? Nusu kilo za mchele na viazi vya huyu na yule havitoshi kulisha watoto thelathini na nyama juu. Kuna mtu alikuwa anajazia, na nadhani ni Bibi, kutoka mfukoni mwake, kimyakimya. Ukirudisha desturi bila Bibi, anayejazia atakuwa nani? Binti yake ana gharama za bembea na matanki. Na wazazi wale wasiokuwa na kitu, waliokuja kusugua masufuria, sisi tunasimulia kwa furaha. Wao tuliwahi kuwauliza walijisikiaje, wenzao wakiwa wamekaa? Pengine walifurahi. Pengine baadhi walikuwa wanapata homa tangu enzi hizo, ila hapakuwa na orodha ya kuwaonyesha.

Kuna wanaoweka kapu mlangoni wiki nzima, mwenye mchele atie, mwenye elfu mbili atie, mwenye elfu hamsini atie, halitajwi jina. Kuna wanaoigawanya gharama kwenye ada, kidogo kidogo kila mwezi, Desemba ikifika hakuna anayedaiwa. Kapu laweza lisijae. Ada ikipanda hata kwa elfu moja, kuna mzazi atakayeyumba. Bosi wako ndiye anayejua vitabu, na hili ni lake kuliko lako.

Lipo pia pendekezo ambalo hujaliandika ila lazima litajwe kikaoni, nalijua: kila mzazi apike kwake alete sufuria. Tamu kwa macho, gumu kwa matumbo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na Desemba ya Dar unaijua. Pilau iliyopikwa alfajiri Mbagala ikaliwa saa saba mchana si zawadi kwa mtoto wa miaka miwili. Mkiamua kupika, pikeni hapo kituoni, jiko mbali na watoto, ipakuliwe ikiwa ya moto ipoe sahanini.

Na kwa kuwa nimefika jikoni, nisipite hivi hivi. Umetaja soseji kwenye orodha ya mwaka jana. Soseji iliyokatwa vipande vya duara, karanga nzima, zabibu nzima na pipi ngumu ndivyo vinavyopalia watoto wadogo kwa urahisi; soseji ikatwe kwa urefu kisha vipande vidogo, na karanga nzima na pipi ngumu ziachwe. Nyama ya pilau iwe steki iliyoiva hadi inachambuka, si mbavu wala vipande vya mfupa. Karafuu, iliki na pilipili manga nzima mtoto akiziuma atakataa sahani yote, na utadhani hapendi pilau. Zifunge kwenye kitambaa safi, uzichemshe humo na kukitoa, au tumia za kusaga. Watoto wanawe mikono kwa maji tiririka na sabuni. Wale wakiwa wamekaa, wasikimbie na chakula mdomoni, na kila mkeka uwe na mtu mzima anayetazama watoto, simu ikiwa mfukoni. Mpiga picha naye asipeleke sura za watoto mitandaoni bila wazazi kukubali. Kituo chenu kiko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa ustawi wa jamii akija hatauliza keki ilikuwa ya rangi gani.

Baba Krismasi sina neno naye, isipokuwa namhurumia kwa ndevu za pamba katika joto lile, na wale wa miaka miwili wengi humlilia. Huyo baba ana moyo wa kujitolea. Anaweza kugawa zawadi akiwa kavaa shati lake.

Sasa wewe. Umebebeshwa kitu ambacho si chako peke yako. Bosi akikuambia "niletee pendekezo" halafu pendekezo likachomwa kikaoni, anayeungua ni mwajiriwa. Huna budi kulifikiria hilo kabla ya Jumamosi. Je, anajua kuhusu watoto saba? Anajua orodha inavyosomwa na asiye na tiki? Huenda anajua kwamba sherehe ilifana, kwa sababu picha alizoziona ni za waliokuja. Ukimpelekea yale uliyoyaona, badala ya hukumu yako, itakuwa vigumu kwake kusema umeleta dini. Hesabu ya watoto haina dini. Naye ni binti wa Bibi. Pilau hiyo ameila kabla yako, na labda naye anamkumbuka mama yake kwa namna ambayo hajakuambia.

Hofu yako ya kuonekana unaingiza Uislamu haiko hewani, nimeishi muda wa kutosha kujua hivyo. Lakini si lazima sauti iwe yako. Yule baba wa kofia aliongea kwa upole. Ataongea kwa upole tena mbele ya watu akiombwa. Na ukipata mzazi Mkristo wa kusema kwamba mchango umekuwa mzito, neno hilo litasikika tofauti likitoka kwake.

Ambapo naona ugumu ni kwa mama Zawadi. Usimwendee na "nimejua ulikosa hela". Urafiki hauponi hapo. Nimefikiria jambo moja, nikaona uzuri wake na ubaya wake. Yeye ni mpishi. Kamati inatafuta mtu wa kumlipa apike. Angepewa kazi hiyo kwa malipo halali, hela ingebaki mtaani na Zawadi angemwona mama yake ndiye mwenye pilau. Lakini anaweza kuona mmemfanya mtumishi siku ambayo wenzake ni wageni, tena baada ya jina lake kukaa peupe. Itategemea anaombwa na nani, kwa maneno gani, na kama wazazi wengine watakaa tu au watashika kisu wakate vitunguu pamoja naye. Wewe unamjua anavyopokea neno, mimi simjui.

Kabla ya kikao, basi, una mazungumzo mawili: la bosi, na la rafiki yako. Ukimwanza bosi, utaingia kwa mama Zawadi ukiwa na kitu cha kumwambia. Ukimwanza mama Zawadi, utaingia kwa bosi ukijua kama ile homa ilikuwa homa. Chagua wewe, na kikao kikiisha niandikie waliosema nini, hasa wale ambao huwa hawasemi.